Kidoti cha bluu kilituacha solemba porini!

Wiki hii sina habari za mapenzi wala za viwalo. Naomba niwaeleze nilivyolala porini na binamu yangu mgonjwa, halafu nikaishia kutumia laki nne na nusu kununua kidude kisichopiga simu wala muziki. Washikaji zangu wa Majengo wanakiita rimoti. Mimi nakiita GPS.

Stori yenyewe ilianza mwaka jana, mwezi wa nane. Tulikuwa watano, vijana wa mjini tuliochoka kukaa vijiweni kila Jumamosi. Nikatoa wazo: twendeni vilima vya Chenene, kule kaskazini ya mji kama unaelekea Kondoa. Tuchome nyama, tupige picha, tupande hadi juu, jioni turudi. Mimi ndiye niliyejitangaza kiongozi wa msafara. Si nina simu kubwa yenye ramani bwana!

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, akang'ang'ania kuja. Ana miaka kumi na tisa na ana selimundu. Mjomba alisita, kisha akaniambia, "Namkabidhi kwako." Nikajibu, "Usijali mjomba," kwa ile sauti ya mtu asiyejua anachoahidi.

Gari tuliliacha chini kwenye mti, tukapanda. Juu raha tupu. Unaiona nchi ya Ugogo yote imelala chini, kavu, mibuyu imetawanyika kama mtu kaisahau. Kasheshe ilianza wakati wa kushuka. Msomaji kama hujawahi kwenda kule, njia za ng'ombe na mbuzi ni mia, na zote zinafanana. Ukiishika moja unajiona uko sawa, inagawanyika mbili, halafu nne, halafu inakufia kwenye miiba. Saa kumi na moja tulikuwa tumepita kwenye korongo moja mara mbili. Saa kumi na mbili na nusu jua likazama, na Dodoma jua likizama halikubembelezi.

Nikatoa simu kwa mbwembwe. Mtandao hakuna. Nikafungua ramani, nikaona kidoti cha bluu kinapepesa katikati ya karatasi nyeupe. Nyeupe pe! Hakuna barabara, kilima wala jina la kijiji.

Baadaye ndiyo nilielewa. Simu haihitaji bando ili ijue iko wapi, kwa sababu inasikiliza satelaiti zinazozunguka dunia kilometa kama 20,200 juu ya vichwa vyetu. Ikizisikia nne, inapiga hesabu na kupata mahali ilipo. Lakini ile picha ya ramani inakuja kwa mtandao, labda uwe umeipakua kabla hujaondoka nyumbani. Mimi sikupakua. Na kibaya zaidi, pale tulipoacha gari sikuweka alama yoyote. Kwa hiyo simu ilijua tulipo vizuri sana, sisi ndiyo hatukujua. Ikafika asilimia tisa, ikafika tatu, ikazima. Siku nzima ilikuwa inahangaika kutafuta mnara.

Tulilala chini ya mbuyu. Maji yalikwisha saa mbili usiku. Usiku wa mwezi wa nane kwetu ni baridi ya upepo, inayoingia kwenye mifupa, na mwenye selimundu adui zake wakubwa ni hao hao wawili: kukosa maji na baridi. Kwenye saa sita binamu akaanza kulalamika miguu. Saa nane hakulalamika tena, alikuwa anauma kitenge. Wasomaji, sijawahi kuomba alfajiri ifike kama nilivyoomba siku ile. Tulimzungushia mashati yetu, tukakaa kumkinga upepo kama ng'ombe.

Kulipopambazuka akatokea mtoto na mbuzi wake, wa miaka kumi hivi. "Mbukwenyi!" akatusalimia, huku anatushangaa. Tukamuuliza gari. Akanyoosha fimbo: liko nyuma ya kile kilima, nimelipita sasa hivi. Kweli, nusu saa tu tukafika.

Binamu alilazwa siku tatu. Mjomba hakunifokea. Laiti angefoka! Alikaa kimya mwezi mzima, nikimwamkia shikamoo anaitikia huku anatazama pembeni. Nami nikaanza kuweka akiba, kila makala ninayolipwa natoa kidogo. Nilishajiapiza kwamba sipandi tena kilima bila chombo cha maana.

Ilipofika laki nne na nusu nikaenda kwa jamaa mmoja hapa mjini anayeuza vifaa vya mkononi. Akanionyesha GPS moja kali ile mbaya: kioo kikubwa cha kugusa, rangi, dira ya umeme, ramani ndani, hata kamera. Imetumika kidogo tu, anasema. Nilikuwa nimeshaingiza mkono mfukoni simu ikalia. Mjomba. Mama alishampasha habari. "Usinunue kitu. Njoo na hela yako nyumbani."

Niwafahamishe kidogo. Mjomba enzi za ujana wake alishika mnyororo kwa wapima ardhi, wakati CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyoundwa 1973 na kuvunjwa 2017, ikigawa viwanja vya Dodoma. Hana cheti chochote, lakini ukimtajia mawe ya mipaka ya Area C atakuonyesha yalipo.

Tukarudi wote kwa yule jamaa. Mjomba akakishika kidude na kutoka nacho nje juani, saa saba mchana. Kile kioo kizuri kikawa cheusi. Tukawa tunajiona nyuso zetu. "Porini utakuwa kivulini?" akaniuliza. Vioo vya GPS nyingi za vitufe, jua likivipiga ndiyo vinasomeka zaidi. Halafu akauliza betri. Ni ya ndani, ya kuchaji kwa waya. "Na Chenene utachomeka waya kwenye mbuyu?" Tukaondoka. Jamaa alinuna.

Hicho ndicho nilichojifunza kuhusu kuchagua: mjomba alianza na betri. Anataka inayokula betri ndogo mbili, zile za saa ya ukutani, ambazo hata duka la kijijini utazikuta. Ila za bei chee zinakufa mapema, bebeni za alkalaini na za akiba. Pili, vitufe unavyoweza kubonyeza mikono ikiwa na vumbi na jasho. Tatu, iweze kukurudisha kwa nyayo zako ulizokuja nazo. Dira ya umeme alisema ni anasa. GPS isiyo na dira hiyo inaonyesha uelekeo ukiwa unatembea, ukisimama inababaika, basi tembea hatua kumi. Kamera hakutaka hata kuizungumzia.

Tulipanda treni ya SGR hadi Dar, na huko tukapata eTrex 10 ya Garmin, njano na nyeusi, toleo lililoanza kutoka 2011. Haikubali kuwekewa ramani za kina. Lakini betri mbili zinakwenda kama saa 25 kwa maelezo ya kiwanda, na inasikiliza satelaiti za Marekani pamoja na za Urusi, kwa hiyo kwenye makorongo haipotezi haraka. Mjomba alikumbusha kwamba zamani Wamarekani walikuwa wanaichafua kwa makusudi, raia wakapata kosa la hadi mita mia hivi. Waliacha tarehe 2 Mei 2000. Sasa ukiwa peupe kosa ni mita chache tu.

Hapo nilijua tumemaliza. Kumbe bado. Mjomba ana karatasi moja ya ramani ya serikali ya kipimo cha 1 kwa 50,000, imekunjwa hadi imechanika. Tukaenda mahali reli ya kati inapokata barabara, penye kuonekana wazi kwenye ramani. Nikasoma namba kwenye GPS, nikazitafuta kwenye karatasi. Zikaangukia shambani, mbali na reli, karibu mita 300! Viwanja vitatu vya mpira! Nikahisi miguu inalegea. Laki nne na nusu, kimeo.

Mjomba akacheka, mara ya kwanza tangu Chenene. Akanionyesha maandishi madogo pembeni ya ramani: Arc 1960. Yaani ramani zile za zamani zimechorwa kwa hesabu moja ya umbo la dunia, na GPS ikitoka kiwandani inatumia nyingine, WGS 84. Mahali ni pale pale, namba tofauti. Tukaingia kwenye menyu, tukachagua Arc 1960, tukasoma upya. Namba zikakaa juu ya reli. Mita 300 mjini si kitu, kwenye vilima zinakuweka upande usio wa korongo.

Akanitahadharisha jambo jingine, la wanaokwenda mashariki kuelekea Kongwa. Ukivuka nyuzi 36 za longitudo unaingia kanda nyingine ya gridi, na namba ya mashariki inaruka kutoka laki nane na ushee hadi laki moja na ushee. Usitupe chombo. Hakijaharibika.

Wenye simu tu msikate tamaa. Pakueni ramani mkiwa mjini, zimeni mtandao mkianza kupanda, na wekeni alama kwenye gari kabla hata ya kufunga mlango. Na kama mnakwenda Kolo kuona michoro ya mapangoni, ile iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO 2006, pitieni ofisi ya mambo ya kale pale pale, mtapewa mwongozaji.

Sisi tunarudi Chenene mwezi ujao. Maji lita tano kwa kila mtu, mablanketi, betri nne za akiba. Binamu anasema anakuja, na kidude amekinyang'anya tangu wiki iliyopita, anazunguka nacho uani. Alama ya kwanza aliyohifadhi ni geti la kwao, kaipa jina UGALI. Mjomba bado hajasema ndiyo. Juzi lakini aliuliza tunaondoka saa ngapi.