Ukungu wa Mayfair na Damu Yangu

Kwa ambao hamjafika Jozi, Mayfair ni mtaa wa magharibi mwa katikati ya jiji, ukivuka Fordsburg tu umefika. Nyumba nyingi ni za zamani sana. Wasomali wameujaza kiasi kwamba ukitembea Eighth Avenue unanusa ubani na nyama ya mbuzi, ukafikiri uko Eastleigh. Mimi na jamaa yangu wa Bukavu tulipanga chumba cha uani huko kwa sababu zinazowapeleka wengi: bei nafuu, nyama halali, na hakuna anayekukodolea macho ukiongea Kiswahili kwenye simu.

Chumba kilikuwa na ukungu. Sisemi ule wa asubuhi Lushoto. Huu ulikuwa mweusi, kwenye kona ya dari na nyuma ya kabati, unanuka kama gunia lililolowa. Mwenye nyumba aliupaka rangi nyeupe juu yake. Wiki tatu tu, ukachungulia tena.

Nilianza kukohoa mwezi wa tano, baridi ilipoanza. Kufika wa nane, usiku nilikuwa nakaa kitandani nikitafuta pumzi, mchana nimechoka, ngazi za maktaba naziogopa kama mtihani. Sauzi ukikohoa muda mrefu kitu cha kwanza kutafutwa ni TB, na wana haki kabisa. Nikapimwa makohozi kliniki ya serikali bila kulipa hata senti. TB hakuna. Nikapewa antibayotiki, zikaisha, kikohozi kikabaki.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Kuna mahali pa binafsi (jina naliacha) wanapima damu kutafuta kingamwili za ukungu. Mkienda wawili mnapunguziwa, basi jamaa akanisindikiza akatoa damu na yeye. Nililipa kwa hela ya ada, ambayo mama alikuwa ameitoa kwenye kikoba chake. Majibu yakaja na mistari myekundu: kingamwili za IgG ziko juu, kwa aina nne za ukungu. Nikaambiwa mwili wangu umejaa sumu, nianze vidonge vya kusafisha damu kwa miezi sita. Bei ya vidonge vya mwezi mmoja ilizidi kodi ya chumba.

Nikampigia mama simu. Jamani, nilikosea. Kwetu ni Kondoa, na mwaka 2016 sumukuvu ilipita mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 wakaugua, 20 wakafariki. Mama anaikumbuka vizuri. Aliposikia ukungu na sumu katika sentensi moja akaanza kulia. "Rudi nyumbani mwanangu. Hiyo dawa nitauza ng'ombe." Ng'ombe mwenyewe ni mmoja, ndiye anayemsomesha mdogo wangu kwa maziwa.

Kilichoniokoa ni karatasi ya jamaa yangu. Kingamwili zake zilikuwa juu kuliko zangu! Na huyu mtu anacheza mpira kila Jumapili dakika tisini, usiku anakoroma kama trekta. "Ndugu yangu," akaniambia, "kama mimi niko mgonjwa, basi huu ugonjwa ni mtamu."

Tukazibeba karatasi zote mbili hadi kwa daktari wa kifua, mama mmoja wa makamo asiye na haraka. Alizitazama kidogo akaziweka pembeni. Nilivyomwelewa ni hivi: IgG ni kama daftari la wageni pale getini. Linaonyesha nani amepita, halisemi nani ameiba. Kila mtu anayepumua anavuta mbegu za ukungu, ndani na nje, na mwili unaziandika. Ndiyo maana madaktari wa mzio wa Marekani, katika tamko lao la mwaka 2006, walisema kingamwili hizo haziwezi kuthibitisha ulikutana na ukungu wapi, lini, wala kwa kiasi gani. Si kwamba kipimo ni cha kutupwa. Mtu aliyepona TB ikamwachia mashimo kwenye mapafu, kuvu aitwaye Aspergillus anaweza kuota humo, na hapo IgG pamoja na picha ya kifua ni msaada mkubwa. Lakini mimi sikuwa na mashimo.

Akanipima alichokiona kina maana: kupuliza kwenye mashine kabla na baada ya kuvuta dawa, halafu matone mkononi na kudungwa kidogo, kutafuta mzio, ambao unaendeshwa na kingamwili nyingine, IgE. Baada ya dakika kumi na tano mkono uliniwasha mahali pawili: tone la ukungu na tone la wadudu wa vumbi la godoro. Nina pumu. Umri huu! Jamaa yangu hana.

Kuhusu mama, daktari alinipa maneno ya kumwambia. Sumukuvu inaliwa, inakaa kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, inaua ini. Kenya mwaka 2004 iliua watu 125. Ukungu wa ukutani unapumuliwa, na wengi unawasumbua pua, kifua na pumu.

Hii haina maana ni jambo dogo. Kule Rochdale, Uingereza, mtoto Awaab Ishak wa miaka miwili, wazazi wake wametoka Sudan, alifariki Desemba 2020. Novemba 2022 uchunguzi wa kisheria ukasema chanzo ni kuvuta ukungu wa nyumba yao kwa muda mrefu. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017, akaambiwa apake rangi. Niliposoma hapo niliiangalia ile kona yetu nyeupe.

Nikaenda kwa mwenye nyumba. "Uncle, ukuta unavuja." Akajibu kwamba ni sisi, tunapika ndani na kuanika nguo ndani. Kwa kweli hakudanganya: na hita ya mafuta ya taa nayo inatoa mvuke, na madirisha tulikuwa tumeyaziba na magazeti. Ila mfereji wa bati uliokatika haukuwa wetu. Nilipotaja baraza la Gauteng linalosikiliza kesi za wapangaji akakumbuka kwamba ana fundi.

Mfereji ukatengenezwa kabla ya mvua za Oktoba. Sisi tukahamisha kabati, tukafuta ukuta kwa Jik na maji, madirisha wazi, tukakubali kulala na makoti. Ile kona imekauka. Dawa ya kuvuta iko mfukoni, ngazi za maktaba napanda. Ada bado nadaiwa.

Ng'ombe yupo. Mama ananiuliza kila Ijumaa kama ile sumu imetoka, na kila Ijumaa naanza upya habari ya daftari la getini.