Kichwa Kinachouma Ukisimama

Maumivu ya kichwa yanayoletwa na upungufu wa shinikizo la maji ya uti wa mgongo hutambulika kwa mkao wa mgonjwa. Akisimama, kichwa humgonga kisogoni na kwenye paji la uso. Akilala chali, hutulia. Shingo hukakamaa, masikio huvuma, moyo huchafuka. Maji hayo ndiyo yanayoubeba ubongo. Yakivuja kwenye tundu la utando, ubongo hushuka kidogo na kuvuta tando zake.

Mwandishi wa makala haya, afisa tabibu, alihudumu Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda yaliyofunguliwa 1958, kisha katika mji wa Mbarara. Nakivale, malalamiko ya kichwa kwa kawaida huishia kwenye kipimo cha malaria. Kikionyesha vimelea, maswali hukoma, ingawa vimelea havizuii utando kuvuja.

Wengi wa wagonjwa waliovuja maji hayo walikuwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji Mbarara kwa sindano ya ganzi ya mgongoni. Maumivu huanza ndani ya siku 5, mama akiwa amesharudi nyumbani. “Mama, ukilala kinakuwaje?” “Kinatulia, daktari. Nikikaa nimnyonyeshe mtoto, kinarudi.” Karatasi ya hospitali isipotaja sindano, mgongo huutaja: kialama kidogo kiunoni, katikati ya pingili. Presha hupimwa hata hivyo, kwani kifafa cha mimba huweza kutokea baada ya kujifungua.

Wagumu zaidi ni wenye virusi vya UKIMWI waliotolewa maji ya mgongo kwa sababu ya fangasi wa kriptokokasi. Ugonjwa huo hupandisha shinikizo, tundu la sindano hulishusha, na kichwa huuma kote kuwili. Anayeumwa zaidi akilala hushukiwa shinikizo la juu. Mwenye kukata shauri ni mrija wa kupimia: chini ya sentimita 6 za maji ni upungufu; zaidi ya 25 ni ziada, na maji hutolewa tena.

Uvujaji usio na sindano, ulioelezwa na Georg Schaltenbrand mwaka 1938, huhitaji picha ya MRI, nayo yaweza kutoonyesha kitu.

Wengi hupona kwa kupumzika, dawa za maumivu na kahawa. Wasiopona huchomwa damu yao wenyewe, mililita 15 hadi 20, nje ya utando, njia iliyobuniwa na James Gormley mwaka 1960. Maumivu yakiacha kutulia mgonjwa anapolala, huenda damu imevujia kando ya ubongo. Huyo hupelekwa Mbarara siku hiyohiyo.