Mchakamchaka wa Kipupwe

Watu wa Nyanda za Juu wakisikia umetokea Masasi hukuhesabu moja kwa moja kuwa mtu wa joto. Ni kwa sababu hawajaamka Chiwata mwezi Juni. Kijiji kimekaa chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde, na kipupwe kikishaingia ukungu hutelemka kutoka juu usiku kucha, hata alfajiri huoni mwembe wa jirani. Upepo wa kusi nao hauna pa kuzuiliwa. Joto letu huja, sikatai, lakini huja saa nne.

Shule ilitutaka kabla ya hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tunaamka gizani kuwahi namba, maana aliyechelewa alikuwa na fimbo zake kwa mwalimu wa zamu. Mama alikuwa ananizungushia kanga kuukuu kifuani na kuifunga fundo nyuma ya shingo. Sweta tuliziona kwa watoto wa walimu. Miguuni hatukuwa na kitu. Ukikimbia pekupeku kwenye changarawe ya baridi, vidole vinakufa ganzi mapema, na hiyo ni nafuu: jiwe likikugonga husikii. Maumivu unayakuta darasani, wakati wa hesabu, kidole kikishapata joto, na hapo ndipo unapochungulia chini ya dawati na kuona ukucha haupo.

Baada ya kufagia, mchakamchaka. Tulitoka uwanjani kwa mistari, wadogo mbele, viranja pembeni, tukashika njia ya mashambani na kurudi kwa njia nyingine. Miaka hiyo salfa, dawa ya unga ya mikorosho, ilikuwa imeshika kasi. Mikorosho inapoanza kuchanua, ugonjwa wa ubwiriunga unaingia, nao hupenda ubaridi na unyevu uleule uliokuwa ukitutetemesha sisi. Wakulima walikuwa wanapuliza alfajiri, umande ungali majanini ili unga ushike, na kabla upepo haujazidi. Kwa hiyo tulikuwa tunakatiza katikati ya wingu la njano, mashine inanguruma ndani ya ukungu bila kumwona aliyeibeba, macho yanawasha, koo linakereketa. Ukirudi nyumbani hata kanga inanuka kiberiti.

Watu husema mkimbiaji hubebwa na moyo. Mimi nilichokiona Chiwata ni kwamba tulibebwa na koo. Mwanzishaji wetu wa nyimbo alikuwa msichana wa darasa la sita, mfupi, mwembamba, mwenye sauti ambayo ungedhani ameiazima kwa mtu mzima. Hakuanza kuimba tulipoanza kukimbia. Alituacha kwanza tuteseke kimya, mpaka mstari uanze kukatika na wadogo waanze kulialia, ndipo anatupa neno la kwanza, polepole, mguu wa kushoto ukigusa chini. Tukiitikia, mguu wa kulia. Anayeitikia lazima avute pumzi, na anayevuta pumzi kwa mpangilio hachoki haraka. Tena meno yenye kazi ya kuimba hayapati nafasi ya kugongana. Alichanganya Kiswahili, Kimakua na Kiyao, na akijua nani amechelewa namba, jina lake lilikuwa ndani ya wimbo. Hapo hata aliyekuwa analia anacheka. Siku aliyougua, kiranja mmoja alijaribu kuanzisha yeye, na ukweli ni kwamba asubuhi ile baridi iliongezeka.

Tukimaliza, waliokuwa na bahati walikuta nyumbani ming'oko ya kuchemsha au mbaazi mbichi, unazishika mkononi kwanza kabla ya kuzila, upashe vidole moto.

Mwalimu wetu wa michezo alikuwa na shujaa mmoja tu, Juma Ikangaa, mwanajeshi aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Sisi tulibishana zaidi juu ya Boston. Mwaka 1988 Ikangaa alipitwa pale na Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde moja. Akarudi 1989, wa pili. Akarudi 1990, wa pili tena. Wavulana wengi waliona ni mkosi, mtu akatazamwe. Yule msichana akasema, kama wa pili ndiye huyo, basi yeye anaomba Mungu amfanye wa pili Masasi mara moja tu.

Baadaye nilipangiwa kidato cha tano Njombe. Safari ya Tunduru na Songea enzi hizo haifai kusimuliwa, ilikuwa matope na kusukuma gari. Huko nilikuta kipupwe ambacho kwetu hakipo: Julai, majani ya uwanjani yameganda weupe na yanavunjika ukiyakanyaga. Raba nilikuwa nazo sasa, lakini kilichonishangaza ni ukimya. Wenzangu walikimbia na filimbi ya kiranja tu, vichwa chini, mikono ndani ya mikono ya sweta. Asubuhi moja sikuvumilia, nikaanzisha wimbo wa Kimakua. Hawakuelewa hata neno, ila kiitikio ni kifupi, wakakidaka. Toka siku hiyo, filimbi ikilia tu nasikia nyuma yangu, “Mmachinga, anzisha!”

Nyimbo za Chiwata zikaniishia. Nikaanza kutunga zangu, kwa Kimakua hichohicho, na nyingi zilimhusu mpishi na uji wake ambao ungeweza kuona sufuria chini. Mwalimu wa zamu akapendezwa na ari yetu, akauliza tunaimba nini. Nikamwambia ni wimbo wa kuisifu shule. Tukaimba hivyo muhula mzima, mstari ukipita mbele ya jiko makusudi, kwa sauti zote.

Karibu na likizo nilikwenda dirishani na bakuli langu. Mpishi, mzee mtaratibu ambaye siku zote nilimdhania Mbena, akanichotea uji, akaniangalia, akasema kwa Kimakua cha Masasi kilichonyooka, “Mwanangu, ubeti wa pili unaukosea.”