Mchungwa wa Ukweni Muyama

Mara ya kwanza kwenda ukweni nilibeba mche wa mchungwa toka Dar, nimeupakata kwenye basi kama mtoto. Nilitaka sifa, sikatai. Wenzangu hupeleka vitenge na sukari, mimi nikapeleka mti niliouziwa barabarani.

Muyama ni vilima vya Buha, mkoani Kigoma. Zamani ilikuwa wilaya ya Kasulu. Tangu 2012 iko Buhigwe, wilaya inayopakana na Burundi. Asubuhi ukungu unafunika migomba na mikahawa, na ukitoka nje bila sweta utajuta. Nyuma ya jiko mama mkwe ana mlimau wa miaka mingi. Mche wangu tukaupanda hatua chache tu kutoka hapo.

Mwaka wa tatu tukarudi. Mti umedumaa. Majani yana madoa ya manjano upande mmoja, upande wa pili kijani. Mengine yana vijivimbe kama yamechomwa sindano. Machungwa mawili tu, madogo, yamepinda, machungu kama dawa.

“Unadai mbolea tu huu,” nikasema kwa kujiamini.

“Mume wangu, mti unaumwa. Tuung’oe,” akasema mwenzangu.

Basi bwana, tukanuniana siku mbili nzima kwa wakwe!

Bwana shamba alipokuja alitazama majani, akatikisa kichwa. Griningi. Ni bakteria wanaosambazwa na kidudu kidogo kinachofyonza majani machanga, na aina hii ya Afrika hupenda nyanda za juu zenye baridi. Pia husafiri na mche uliobebeshwa kikonyo cha mti mgonjwa. Kwa hiyo huenda niliuleta mwenyewe. Dawa ya kuuponya mti hakuna, na nikiuacha, mlimau wa mama nao uko hatarini.

Nikachukua jembe. Mama mkwe akaja kusimama pembeni.

“Pole, baba. Ungekubali mapema, leo tungekuwa tumeshapanda mwingine.”

Nawe ukitaka mchungwa, mlimau au mchenza nyumbani, zingatia haya:

- Usisafirishe miche ovyo. Nunua kwenye kitalu unachojua miti mama yake ni mizima.
- Tazama jani. Manjano ya njaa ya mbolea mara nyingi hulingana pande zote mbili za mshipa wa kati. Ya griningi hayalingani.
- Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza. Panda mvua zinapoanza.
- Sehemu ulipobebeshwa ibaki juu ya udongo, na machipukizi ya chini yake yaondoe.
- Matandazo yasiguse shina, litaoza.

Mlimau wa mama ulikutwa mzima. Mvua zilipoanza tukapanda mche mwingine, mbali nao kidogo, baada ya kuukagua jani kwa jani. Safari hii shimo tulichimba wawili.