Gari zima, tairi hakuna

Nimekuwa kimya wiki mbili. Nilikuwa nahangaika na programu ya mteja inayotegemea maktaba ambayo mwandishi wake aliacha kuitunza. Nilipoweka mpya badala yake, kila kitu kikavunjika.

Katika kupumzika nikasoma kuhusu mbio za magari ya kale Uingereza. Tatizo ni lile lile! Gari la mbio la miaka ya 1950 liliundwa kwa tairi zenye nyuzi zilizopishana kimshazari, ambazo huanza kuteleza taratibu na kumpa dereva onyo. Ukilivisha radiali za kisasa mshiko unaongezeka, lakini ekseli na springi zinabeba mzigo ambao hazikuundiwa.

Sasa, tairi za aina ile zina watengenezaji wachache. Dunlop ilifunga kiwanda chake cha tairi za mbio Birmingham mwaka 2014. Mwishoni mwa 2023 Goodyear ikafunga Melksham, palipotengenezwa tairi za mbio za Avon. Injini inanguruma, lakini bila tairi gari ni pambo la gereji.

Basi nimeamua: ile maktaba nitaitunza mwenyewe. Je, programu yako wewe inakimbia kwa tairi za nani?