Fujo na Muwala

Dunia Uwanja wa Fujo (1975) ya Euphrase Kezilahabi inaitaja fujo jaladani, ilhali msuko wake umenyooka: tunamfuata Tumaini tangu ujana hadi hukumu ya kifo. Nagona (1990) haiitaji fujo katika anwani, lakini imeiruhusu iingie katika umbo lenyewe. Wakati na mahali havishikiki. Matukio hayafuatani kwa sababu na tokeo. Wapo wanaouita huo ukosefu wa muwala. Mimi (wahakiki wenzangu waniwie radhi) naona muwala upo, ila ni wa taswira zinazorejea kama katika ndoto, na kwamba ramani iliyochorwa mapema ingaliuua.

Jambo hili linanigusa kwa karibu. Hapa Ekalakala, ninakotumia likizo, rasimu ya riwaya yangu imetapakaa mezani, na jamaa wananihimiza niipange kwanza ndipo niendelee. Sijakubali. Huenda riwaya isipatikane kamwe. Hilo nalijua, na linanikosesha usingizi. Lakini juzi karatasi mbili zilizokutana kwa bahati tu zilimpa mhusika wangu mama ambaye sikuwa nimemwazia.