Gari Kuukuu Liandikishwe kwa Kazi Yake

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mbegu, samadi na wadudu wa mimea. Huenda ukashangaa kuona leo naandika habari za magari. Lakini mchicha ukishavunwa hauendi sokoni kwa miguu. Lazima ubebwe. Na huku kwetu pembezoni mwa Dar es Salaam, mara nyingi mbebaji ni gari kuukuu. Ni hivyo Chamazi, Charambe na Toangoma upande wa Temeke. Ni hivyo pia Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni. Watu huliita gari hilo mkweche.

Wakulima huniuliza, "Bwana Shamba, gari letu tuliandikishe la binafsi au la biashara?" Wengine hawaulizi. Hununua gari na kuacha kibao kile kile walichokikuta. Kisha hulifanyisha kazi yoyote inayokuja. Nataka tulizungumze jambo hili polepole, maana jibu lake linagusa mfuko wako na miili ya watu wanaopanda gari lako.

RANGI MBILI

Huku Mbagala kuna kituo kiitwacho Rangi Tatu. Kwenye magari yetu ya kawaida, rangi mbili zinatosha kukueleza mengi.

Tazama kibao cha namba. Kwa magari ya Tanzania Bara, namba huanza na herufi T. Halafu huja tarakimu tatu, halafu herufi tatu. Kibao cha njano chenye maandishi meusi ni cha gari la binafsi. Kibao cheupe chenye maandishi meusi ni cha gari la biashara. Daladala na teksi huvaa kibao cheupe.

Gari la binafsi ni la shughuli zako mwenyewe. Unakwenda shamba, unapeleka mtoto hospitali, unabeba mazao yako. Gari la biashara ni lile linalobeba watu kwa nauli au mizigo ya watu kwa malipo.

Umri wa gari hauchagui rangi. Katika nchi nyingine umri una nafasi yake. Uingereza, gari lililotimiza miaka 40 laweza kuandikishwa kama gari la kihistoria na kusamehewa kodi ya barabara. Ujerumani, gari la miaka 30 lililotunzwa vizuri laweza kupewa namba inayoishia na herufi H. Wenye magari hayo wengi huyapenda kama urithi. Huyaosha na kuyatoa siku za sikukuu. Mkulima wa Chamazi hanunui gari kuukuu kwa maonyesho. Hulinunua kwa sababu ndilo fedha yake inaloliweza, na kesho yake asubuhi linapakia bamia. Kwa hiyo kwetu swali ni moja: gari hili litafanya kazi gani?

KWA NINI TUNATENGANISHA

Wapo wanaodhani rangi hizi ni njia ya kukusanya fedha tu. Kodi imo, ni kweli. Lakini tukumbuke historia ya mji wetu.

Mwaka 1974 lilianzishwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Mji ulikua haraka, na mabasi hayakutosha. Watu wenye magari yao wakaanza kubeba abiria bila ruhusa. Abiria alifika kazini, lakini hakuwa na mtetezi kama gari likipinduka. Mwenye gari alipata fedha, lakini alikimbizana na polisi. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu watu binafsi kuendesha mabasi ya abiria mjini. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 iliitwa dala. Ndipo tukapata jina la daladala.

Hapo tunajifunza jambo moja. Anayelipa nauli ana haki. Ana haki ya gari lililokaguliwa, dereva mwenye leseni inayofaa, na bima inayomtambua. Kibao cheupe ni alama ya ahadi hiyo.

"HELA YA MAFUTA"

Sasa nitakueleza habari iliyotokea mtaa mmoja huku Temeke. Majina nayaacha.

Mama mmoja alikuwa akilima nyanya. Nilimfundisha mimi kuandaa kitalu chake. Alikuwa akipeleka matenga yake soko la Tandika kwa pikapu ya jirani. Pikapu ilikuwa na kibao cha njano. Mwenye pikapu hakusema nauli. Alisema "hela ya mafuta". Kila safari mama alitoa shilingi 5,000 kwa ajili yake na matenga yake. Asubuhi hiyo akina mama wengine watatu nao walikuwa wamepakia mizigo yao, na kila mmoja alitoa hela ya mafuta.

Breki zilishindwa kwenye mteremko. Gari liligonga mti. Mama yule, aliyekaa mbele karibu na dereva, alivunjika mfupa wa paja.

Bima ya gari ilikuwapo, tena haijaisha muda. Lakini kampuni ya bima iliuliza: Gari lilikuwa linafanya kazi gani? Mama huyu alilipa? Waliposikia kuhusu hela ya mafuta, walifungua karatasi za bima. Ziliandikwa kwa matumizi ya binafsi. Madai yakakataliwa.

Mwenye gari si mtu mbaya. Aliuza kipande cha kiwanja chake akalipa hospitali. Hata hivyo fedha haikutosha. Mama alikaa miezi mitano bila kwenda shamba. Nilipita kumjulia hali, nikakuta kitalu kimekauka na mtoto wake mkubwa anauza maji barabarani badala ya kwenda shule.

Ndugu msomaji, maneno "hela ya mafuta" hayabadilishi kazi ya gari. Ukipokea malipo kwa kubeba mtu au mzigo wake, na ukafanya hivyo kila siku, hiyo ni biashara.

DAFTARI LA SIKU 30

Baadaye wakulima sita wa mchicha wa Chamazi walichanga fedha wakanunua Toyota Hilux kuukuu. Waliniita katika kikao chao. Mmoja alisema, "Tubaki na njano. Ni rahisi." Wa pili alisema, "Tuweke nyeupe. Tutapata fedha za abiria jioni." Walibishana mpaka jua likazama.

Niliwashauri waache ubishi na wachukue daftari. Mmoja wao alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima muda si mrefu. Tukampa kazi ya kuandika. Kwa siku 30 angeandika mambo manne: tarehe, gari limekwenda wapi, limebeba mzigo wa nani, na kama kuna aliyelipa. Nikawaomba pia kwamba katika siku hizo wasimbebe mtu wa nje kwa malipo. Waandike tu nani ameomba na angelipa kiasi gani.

Mwezi ulipokwisha tulisoma daftari pamoja. Safari zao wenyewe za kupeleka mchicha zilikuwa 19. Maombi ya watu wa nje yalikuwa 15: nazi, chakula cha kuku, matofali, vyombo vya mtu anayehama. Mzee mmoja wa kikundi alicheka akasema, "Kumbe sisi tulitaka kuwa wachukuzi bila kujijua!"

Sasa walikuwa na njia mbili za haki. Ya kwanza, wabaki na njano na wayakatae maombi yote yenye malipo. Ya pili, waweke nyeupe, wakubali gharama zake, na watoze bei inayolingana na gharama hizo. Walipiga hesabu. Bima ya biashara ni ghali zaidi. Kuna leseni ya usafirishaji ya kila mwaka. Kuna kodi ya mapato. Lakini mizigo 15 kwa mwezi ingelipa vyote hivyo na kubakiza kitu. Walichagua nyeupe, kwa mizigo tu. Wazo la abiria wa jioni waliliacha. Nyuma ya pikapu ni mahali pa magunia, si mahali pa watu.

MAGARI MENGINE MAWILI

Usidhani nyeupe ndilo jibu la kila mtu. Bunju yupo mkulima wa minazi na kuku mwenye Land Rover ya zamani. Naye aliandika daftari. Safari zake zote zilikuwa zake: nazi zake, kuku wake, familia yake. Jirani akiugua usiku humpeleka hospitali na hapokei hata shilingi. Msaada usio na malipo si biashara. Mzee huyo alibaki na njano, na hakukosea.

Toangoma kuna gari la tatu. Limelala chini ya mwembe, magurudumu yamezama mchangani. Mwenyewe alitaka kulitengeneza aliandikishe upya. Fundi alikagua chasisi akakuta imeliwa na kutu mpaka ndani. Gari la namna hiyo halihitaji rangi yoyote. Lifutwe kwenye daftari la magari, na vyuma viuzwe. Ila kibao na kadi yake visihamishiwe gari jingine. Hilo ni kosa, na linaweza kukupeleka mahakamani.

KABLA HUJATOA FEDHA

Kama unanunua gari kuukuu, fuata hatua hizi.

Kwanza, soma kadi ya gari. Kadi imeandikwa kwa Kiingereza, na ina mstari unaoeleza matumizi ya gari. Kama Kiingereza hukijui, si aibu. Mwombe mwalimu au kijana wa sekondari akusomee mbele yako.

Pili, linganisha namba ya chasisi na namba ya injini zilizo kwenye kadi na zile zilizogongwa kwenye gari lenyewe. Tarakimu moja ikitofautiana, usilipe.

Tatu, hakikisha anayeuza ndiye mwenye jina lililo kwenye kadi. Andikeni mkataba mbele ya mwanasheria. Angalia pia kama gari linadaiwa faini za barabarani, maana faini huandikwa kwa namba ya gari.

Nne, nendeni ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, mkahamishe umiliki. Mnunuzi awe na namba ya mlipa kodi na kitambulisho cha Taifa. Hapo hapo eleza kazi halisi ya gari. Kama unabadili kutoka binafsi kwenda biashara, kadi na kibao navyo lazima vibadilike. Usijipakie rangi mwenyewe.

Tano, kata bima inayolingana na kazi. Soma mstari wa matumizi kwenye karatasi ya bima kama ulivyosoma kwenye kadi. Mistari hiyo miwili iseme jambo moja.

Sita, kama ni biashara, nenda LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2019 ikachukua kazi ya usafiri wa nchi kavu iliyokuwa ya SUMATRA. Huko ndiko hutolewa leseni ya kubeba abiria au mizigo kwa malipo. Leseni ya dereva nayo iwe ya daraja linalofaa kazi hiyo.

Neno moja zaidi. Zamani kila mwenye gari alilipa ada ya leseni ya gari kila mwaka. Ada hiyo ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Sasa ada hulipwa mara moja, gari linapoandikishwa kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo mtu akikujia mtaani akisema anakusanya ada ile ya zamani, usimpe kitu. Lakini usiichanganye na leseni ya LATRA. Ile ya usafirishaji ipo, na lazima ilipwe na mwenye gari la biashara.

Ndugu msomaji, shambani hatupandi mpunga kwenye kichuguu kwa sababu tu mbegu zilikuwa rahisi. Tunatazama ardhi kwanza. Na gari ni hivyo hivyo. Tazama kazi kwanza, halafu chagua karatasi. Kama una gari kuukuu, au unafikiri kulinunua na wenzako, anza daftari lako leo. Andika siku 30 bila kujidanganya. Umejifunza kusoma na kuandika. Basi kalamu hiyo ilinde jasho lako, na imlinde pia mama anayepanda mbele karibu na dereva, akiwa na matenga yake, akiamini kwamba atafika.